Tuulizane: Umewekwa kwenye kamati ya chuo, sasa unafanyaje?

Mwezi huu barua nyingi zimetoka kwetu Mwanza na karibu zote zinazunguka jambo moja, kamati zinazoundwa vyuoni kuchunguza kero na kutoa mapendekezo. Mimi nimekaa ofisi ya utawala ya chuo kimoja miaka 19 nikiandika mihutasari ya vikao, nimeona kamati zilizobadilisha maisha ya vijana na nimeona ripoti nzuri kabisa zikiliwa na mchwa kabatini, kwa hiyo ukurasa wa leo wote nauachia hili. Wabeja sana wote mlioandika.

*Shikamoo mama. Mimi niko mwaka wa pili, chuo nisikitaje. Serikali yetu ya wanafunzi imenipeleka niwe mjumbe kwenye kamati iliyoundwa na uongozi kuangalia usalama wa wanafunzi wanaokaa mageto mtaani, maana hosteli hazitutoshi na wengi tumepanga huko juu kwenye mawe. Kuna wenzetu wameporwa simu na laptop wakirudi usiku kutoka kudiskasi. Tupo watu 9, wanafunzi tuko 2 tu, wengine ni malekchara, mtu wa fedha, mkuu wa walinzi na mshauri wa wanafunzi. Kikao cha kwanza waliongea masaa matatu mimi sijafungua mdomo. Nauliza kamati kama hii inafanyaje kazi, na sisi wawili tutasaidia nini mbele ya wakubwa? – Mjumbe mpya, Mkolani*

Marahaba mwanangu. Cha kwanza, kesho asubuhi nenda kwa katibu wa kamati umuombe nakala ya barua iliyounda hiyo kamati. Usione aibu, ni haki ya kila mjumbe na utashangaa ni wajumbe wangapi wanakaa vikao vitatu bila kuisoma. Ndani yake kuna hadidu za rejea, yaani mmetumwa mchunguze nini, mnaishia wapi, mmalize lini na ripoti mumkabidhi nani. Kama hadidu zimeandikwa "kuangalia masuala ya usalama wa wanafunzi" basi mjue mmepewa bahari bila ngalawa, mtaongea mwaka mzima. Ombeni ziandikwe upya hivi: kubaini ni wapi, saa ngapi na kwa namna gani wanafunzi wanaokaa nje wanadhurika kati ya geti la chuo na wanakolala, na kupendekeza hatua zenye gharama na mhusika, ndani ya siku 60. Hapo hata mtu akianza kuongelea nauli za daladala za Buhongwa mwenyekiti anamrudisha kwenye mstari.

Ujue pia kamati haziko sawa. Kuna kamati za kudumu za seneti na za baraza la chuo, za taaluma, fedha, nidhamu, ustawi wa wanafunzi, hizo zipo mwaka hadi mwaka hata kama hakuna kero mpya. Yenu ni ya muda, imezaliwa kwa jambo moja na siku ikikabidhi ripoti imekufa. Na kitu ambacho vijana wengi hawakijui ni kwamba kamati ya namna hiyo haiamui, inapendekeza tu, uamuzi unabaki kwa menejimenti au unapanda mpaka baraza la chuo kama unahusu sera na pesa kubwa. Kwa hiyo ukirudi kwa wenzako usiwaahidi taa, waahidi kwamba yaliyowapata yataandikwa vizuri mpaka mwenye kuamua akose pa kukimbilia.

Sasa nije kwenye kazi yenyewe, na hapa naomba unisikilize sana kwa sababu ndipo kamati nyingi zinapofia. Watu wanakaa kwenye meza wanasimuliana. Lekchara anasema wanafunzi wa siku hizi wanalewa ndo maana wanaporwa, mwanafunzi anasema walinzi wanalala, mkuu wa walinzi anasema watu wake hawatoshi, alafu soda na sambusa zikiisha wanaandika walichosimuliana wanakiita ripoti. Hamjapima kitu. Ripoti ya namna hiyo mtu wa fedha anaizima kwa sentensi moja tu, "hayo ni maoni".

Kuna kisa cha kweli kutoka Marekani huwa nakirudia kila nikikaa na wajumbe wapya, na sisi watu wa ziwa tutakielewa haraka maana kilianza na samaki. Mwanabiolojia Nancy Hopkins wa chuo cha MIT alikuwa anafanya utafiti kwa kutumia visamaki vidogo vya milia, akahitaji nafasi zaidi ya kuweka matangi yao, akaomba, akaambiwa nafasi aliyonayo ni sawa na ya wenzake. Mama wa watu hakugombana na mtu, alichukua tepu ya kupimia kama ya fundi seremala akaanza kupita maabara moja baada ya nyingine anapima. Akakuta yeye ana futi za mraba 1,500 wakati maprofesa wanaume wa daraja lake wana kuanzia 3,000 na kuendelea, hata vijana wa kiume waliokuwa chini yake kicheo walikuwa na 2,000. Mwaka 1994 akakaa na wanawake wenzake wakajihesabu, kwenye shule nzima ya sayansi wanawake wenye ajira ya kudumu walikuwa 15 na wanaume 194. Hizo namba ndizo zilizofanya iundwe kamati mwaka 1995, ikaangalia nafasi, mishahara, tuzo na nani anapewa nafasi za kuamua, na ripoti ilipotoka hadharani mwaka 1999 mkuu wa chuo mwenyewe, Charles Vest, aliandika kwamba zamani aliamini ubaguzi wa wanawake vyuoni ni nusu ukweli nusu hisia, na sasa ameelewa kwamba sehemu kubwa ni ukweli. Miaka yote ile ya kulalamika haikumfikisha mtu popote, tepu ndiyo iliyowafikisha.

Kwa hiyo nyie wawili, mkiwa wadogo kuliko wote mezani, ndo mnaweza kuwa wa maana kuliko wote, kwa sababu mnaijua njia na mna miguu. Ombeni kamati iwape kazi ya kupima. Tembeeni na mlinzi na mjumbe mwingine mkubwa kutoka geti mpaka mageto, usiku minne tofauti, siku mbili za katikati ya wiki, Ijumaa moja na Jumapili moja, mhesabu taa zinazowaka na zilizokufa, mhesabu kwa kuchora vijiti ni watu wangapi wanapita kati ya saa 2 na saa 5 usiku na wangapi wako peke yao. Andikeni sehemu zenye giza kwa majina ambayo watu wanayatumia, pale kwenye jiwe kubwa, pale kwenye korongo, pale kwenye duka la wakala. Alafu ombeni kitabu cha matukio cha walinzi cha mwaka mzima msome ukurasa kwa ukurasa, muulize zahanati ya chuo wametibu majeraha mangapi ya usiku bila kutaja jina la mtu, mwende kwa mwenyekiti wa mtaa na kijiwe cha bodaboda, wale vijana wa boda wanajua nani anakaba na anakabia wapi kuliko mtu yeyote. Na msisahau kwamba kitabu cha matukio kinaonyesha walioripoti tu, aliyeporwa akaona kuripoti ni kupoteza muda hayumo, kwa hiyo kitabu kikisema matukio 6 na wanafunzi wakiwaambia 30, hiyo tofauti yenyewe ni jambo la kuandika.

Kwenye kuuliza watu kuwa makini sana. Nimeona dodoso limeandikwa "Je, unakubaliana kwamba chuo hakijali usalama wenu?" yaani jibu limeshawekwa mdomoni kabla mtu hajafungua mdomo. Uliza hivi: mara ya mwisho uliporudi geto baada ya saa 3 usiku ulipita njia gani, ulikuwa na nani, ilikuwaje? Mtu akikumbuka siku moja ya kweli anakwambia mambo ambayo swali la ndiyo-hapana haliwezi kuyatoa. Na msiishie kutupia linki kwenye grupu la WhatsApp la darasa, watakaojibu ni wenye bando na wenye hasira, aliye kimya na simu ya kitochi hamtampata. Ingieni madarasani, mwaka wa kwanza mpaka wa mwisho, na wale wa jioni ambao ndo wanatembea gizani kuliko wote na mara nyingi hakuna anayewakumbuka.

Wasichana wakae peke yao na waongozwe na mwanamke. Hili sina mjadala nalo. Na ikitokea mmoja akaanza kusimulia jambo zito lililompata, hiyo kamati sio mahali pa kumchunguza, msimhoji, msiandike jina lake kwenye muhtasari, mpelekeni taratibu na kwa ridhaa yake kwenye dawati la jinsia ambako kuna watu wenye kazi hiyo.

Kuna kitu kimoja kilinifundisha mimi mwenyewe. Zamani pale nilipokuwa, kamati ya maji ya hosteli ilikaa miezi minne, ikapendekeza yanunuliwe matangi makubwa, yakanunuliwa kweli, yakapandishwa kwenye bloku la juu mlimani, na hayakujaa hata siku moja kwa sababu presha ya maji haifiki kule. Ziwa lile pale tunaliona kwa macho, wasichana wanashuka na ndoo. Siku moja nikamuuliza fundi bomba wetu, mzee mmoja mtulivu sana, akanijibu "mimi ningewaambia, ila hakuna aliyeniuliza". Wajumbe 11, wanne wana PhD, na aliyekuwa anajua ni mtu anayekula chakula chake chini ya mwembe nyuma ya jiko. Iliniuma, mpaka leo inaniuma, na muhtasari wa vile vikao nimeuandika mimi kwa mkono wangu. Kwa hiyo kabla hamjafunga, jiulizeni nani anaishi na hii kero kila siku na hatujamsikia. Mlinzi wa zamu ya usiku sio sawa na mkuu wa walinzi, muulizeni naye, tena wakati bosi wake hayupo.

Kuandika mapendekezo nako ni kazi. "Chuo kiboreshe taa" sio pendekezo, ni dua. Andikeni ofisi ya esteti, ile inayosimamia majengo na maeneo ya chuo, ifunge taa 6 za sola kati ya geti la nyuma na mwisho wa eneo la chuo kabla ya tarehe 30 Septemba, kwa fungu la matengenezo, gharama imeambatanishwa. Kila pendekezo liwe na nani, nini, lini na pesa inatoka wapi. Alafu angalieni mpaka uko wapi, maana ndani ya uzio chuo kinaweza kufunga taa kesho ila ukishatoka nje barabara sio ya chuo, hapo pendekezo linakuwa uongozi uandike barua kwa mtaa, kata, Halmashauri ya Jiji na TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, na uteue mtu wa kufuatilia majibu. Kamati nyingi zinachanganya hivi viwili, mapendekezo yote yanawekwa kapu moja, na yale ambayo yangefanyika kesho yanakwama pamoja na ya barabara.

Kuna na suala la kalenda. Mwaka wa fedha unaanza Julai mosi, na bajeti inaanza kupikwa miezi mingi kabla. Ripoti ikifika mwezi wa tano imekuta sufuria limeshafunikwa na itasubiri mwaka mzima. Yagaweni mapendekezo yenu mafungu matatu, ya bila pesa, ya pesa kidogo na ya kusubiri bajeti. Yale ya bila pesa ndo yaanze, mfano kuhamisha vipindi vya jioni viishe mapema nusu saa, au walinzi kusindikiza makundi ya watu saa 3 na saa 4 usiku kwa ratiba inayojulikana. Watu wakiona mawili matatu yametokea wiki ileile wanapata imani na kamati inaanza kusikilizwa.

Kuhusu kukosa sauti, andika ukurasa mmoja kabla ya kikao umpe katibu auingize kwenye makabrasha, mtu mzima anayekukatiza ukiongea hawezi kukatiza karatasi. Na kikao kikianza kwa kuthibitisha muhtasari uliopita, usome kweli, kama ulisema jambo halikuandikwa nyoosha mkono hapo hapo. Muhtasari ukishathibitishwa ndo ukweli wa kamati.

*Habari za kazi. Mimi ni katibu wa kamati iliyochunguza muda wa kufunga maktaba. Tumekusanya maoni na wengi, karibu wanane katika kila kumi, wamesema saa 2 usiku inatosha. Waliobaki, wengi wao ni wanaokaa chumba kimoja watu wanne bila meza, wanataka ifungwe saa 6. Mwenyekiti anasema wengi wape, tusiwataje hata hao wachache. Mimi roho haitulii. – Katibu, Igoma*

Nzuri ndugu katibu, na roho yako iko sahihi. Kuhesabu mikono ni kazi ya kura, kamati inapima uzito wa sababu. Sisi Watanzania tuna mfano mkubwa wa hili, Tume ya Jaji Nyalali iliyoundwa mwaka 1991 kukusanya maoni kuhusu mfumo wa vyama. Takriban asilimia 80 walisema tubaki na chama kimoja, na bado tume ikapendekeza vyama vingi, na mwaka 1992 sheria ikabadilika. Walipima kile ambacho hao asilimia 20 walikuwa wanakisema pamoja na mazingira ya nchi, hawakuishia kwenye idadi. Mimi wakati ule nilikuwa binti mdogo na nakumbuka watu wazima wakibishana vibarazani kuhusu hiyo asilimia 20.

Kwenye maktaba yenu fikirini hivi, wale wanane waliosema saa 2 inatosha, ikifungwa saa 6 wanapoteza nini? Hakuna, wataondoka saa 2 yao. Wale wawili ikifungwa saa 2 wanapoteza masomo. Hizo mizani hazilingani. Gharama iliyobaki ni umeme na mtu mmoja wa zamu, ipigieni hesabu. Tena kabla ya hapo mwekeni mlinzi mlangoni achore vijiti wiki mbili, nani anatolewa saa 2 akiwa bado anasoma, nakuhakikishia maswali mengi yatajibiwa na hiyo karatasi ya vijiti. Na mwenyekiti akikataa kabisa, mjumbe asiyekubaliana ana haki ya kuomba maoni yake yaambatanishwe mwisho wa ripoti kama maoni ya wachache, nusu ukurasa tu, yamesainiwa. Wewe kama katibu kazi yako ni kuandika kilichosikika. Ukianza kukata, kesho utaambiwa ukate kikubwa zaidi.

*Mama sisi tulikabidhi ripoti mwezi wa tatu, tulipiga mpaka picha na uongozi. Leo ni mwezi wa kumi na moja, kila tukiuliza tunaambiwa inafanyiwa kazi. Wenzangu wanasema tugome. – Tumechoka, Nyegezi*

Poleni jamani. Uchovu wenu naujua. Neno "inafanyiwa kazi" lisikubaliwe bila karatasi. Ombeni kwa barua, sio kwa mdomo, jedwali la utekelezaji, kila pendekezo na safu nne, limekubaliwa au limekataliwa, nani anahusika, limefikia wapi, litaisha lini. Kukataliwa nako ni jibu, mnajua pa kuanzia. Kimya ndo kibaya.

Alafu tumieni wawakilishi wenu. Wanafunzi wana wawakilishi kwenye vyombo vya juu vya chuo, seneti na baraza, na wengi wanaenda kule kukaa kimya na kurudi na makabrasha ambayo hawajayafungua. Mpeni huyo mwakilishi hilo jambo aliulize kwenye kikao, likishaingia kwenye muhtasari linarudi kikao kinachofuata kwenye ajenda ya yatokanayo, na yatokanayo haina huruma, kila kikao linarudi mpaka lijibiwe. Nimeona mambo yaliyokufa yakifufuka kwa njia hii, mwanafunzi mmoja tu mpole, anauliza swali lilelile vikao vitatu mfululizo kwa heshima zote.

Kuhusu kugoma nitasema ninavyoamini. Majirani zetu wa upande wa pili wa ziwa, Makerere, mwaka 2016 walimu waligoma wakidai malimbikizo ya posho zao, wanafunzi nao wakaandamana wakitaka wafundishwe, na tarehe 1 Novemba Rais Museveni akakifunga chuo. Baada ya hapo ndo ikaundwa kamati ya kukichunguza chuo chini ya Dkt. Abel Rwendeire, na ripoti yao ikatoka mwaka 2017. Kwa hiyo kamati ilikuja, ndiyo, lakini ilikuja watu wameshafungasha mabegi wamerudi kwao, na kwa mtoto wa mkulima wa Geita au Ukerewe miezi miwili ya kufungiwa ni kodi ya geto inayoliwa bila kusoma. Nisingependa mfike huko wakati hamjamaliza hata kuandika barua ya pili. Andikeni leo, nakala kwa mshauri wa wanafunzi, mtaje tarehe mliyokabidhi, na muombe muhtasari wa ripoti ubandikwe ubaoni. Mliowahoji wana haki ya kujua walichosema kimefika wapi, na hilo mlifanye nyie wenyewe kwanza, rudini madarasani mliyoyaingia muwaambie.

*Dada habari. Nauza chakula nje ya geti la chuo, wali maharage na ugali dagaa, sato akipatikana. Juzi wamekuja vijana watatu na makaratasi wanasema wanatoka kamati ya chuo, wakaniuliza nauza shilingi ngapi kwa siku, naishi wapi, maji natoa wapi. Nimewajibu lakini usiku sikulala, naogopa wanataka kutuondoa. – Mama lishe, Buhongwa*

Nzuri dada, na pole kwa usiku wa mawazo. Wakirudi, na hata wasiporudi, una haki ya kuwauliza mambo matatu kabla hujajibu lolote: nani amewatuma na barua iko wapi, majibu yangu yanaenda kufanya nini, na jina langu litaandikwa? Kama hawana barua yenye muhuri wape chai waende. Na hata wakiwa nayo, unaweza kukataa swali moja ukajibu lingine. Mauzo yako ya siku ni mambo yako. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 2023, anayekusanya taarifa za mtu anatakiwa aseme anazikusanya kwa sababu gani na asizipeleke kwingine.

Inawezekana kabisa nia yao ni njema, wanafunzi wakiumwa matumbo chuo kinataka kujua maji yanatoka wapi, swali la maji ni la haki. Ila msikae kimya mkisubiri. Mko wangapi pale getini? Chagueni wawili waende kwa mshauri wa wanafunzi waombe kusikilizwa na hiyo kamati, waseme nyie mnalisha vijana wangapi, mnawakopesha mpaka bumu, yaani pesa ya mkopo wa wanafunzi, litoke, na mnahitaji nini, bomba moja na sehemu ya kunawia labda. Kamati inayoandika kuhusu nyie bila nyie kukaa nayo itaandika kwamba mnachafua mazingira, nimeshaziona ripoti za hivyo zaidi ya moja. Na nyie vijana wa dodoso mkisoma hapa, mama anapoacha sufuria lake jikoni akujibu, mwambie umetumwa na nani hata kabla hajakukaribisha benchi.

*Shikamoo. Binti yangu yuko mwaka wa tatu ameteuliwa kwenye kamati ya chakula ya chuo. Hataferi kwa sababu ya vikao? – Baba, Kirumba*

Habari baba. Kamati ya muda iliyopangwa vizuri inakaa vikao vinne mpaka sita, haimmalizi. Aombe tu visiwekwe wiki ya mitihani, na aseme hivyo kikao cha kwanza.

*Mama, wajumbe wakubwa wanasaini posho ya kikao, sisi wanafunzi tunapewa soda. Natoka Kisesa, nauli kwenda na kurudi natoa mfukoni. Nikidai nitaonekana nina njaa? – Mjumbe mwanafunzi*

Hapana mwanangu, na usiruhusu mtu akufanye ujisikie hivyo. Nauli sio posho. Posho ina kanuni zake na pengine kanuni za chuo chenu haziwagusi wanafunzi, hilo muulize katibu kwa upole. Lakini mtu hawezi kutumwa kazi ya chuo kwa nauli ya bumu lake, mwisho wake anaacha kuja, na kikao kinaendelea bila mwanafunzi hata mmoja wakati akidi imetimia. Mwambie katibu aingize kwenye bajeti ya kamati mstari mmoja, usafiri wa wajumbe wanaotoka nje ya chuo, awe mwanafunzi awe nani, kwa nauli halisi ya daladala. Na zile safari za kuhesabu taa usiku waandikie bodaboda ya kuwarudisha, hiyo idaiwe kabla hamjaenda, sio baada.

Barua za mwezi ujao nitaanza na mbili zilizobaki za Sengerema kuhusu hosteli za wasichana, nimezisoma, zinahitaji nafasi yake.